Silaha Ambayo Hatukuwa Nayo

Julai mwaka 2023 nilikuwa nyumbani Kigonsera, wilaya ya Mbinga, wakati wa kuchuma kahawa. Jioni moja tulikaa nje na mzee jirani yetu, ambaye miaka ya sabini alikuwa mgambo wa kulinda mpaka wa Ruvuma. Redio yake ndogo ilikuwa imetangaza kwamba Marekani imemaliza kuteketeza akiba yake ya mwisho ya silaha za kemikali. Mtangazaji aliongeza kwamba Tanzania nayo ni mwanachama wa mkataba unaozipiga marufuku silaha hizo.

Mzee alizima redio, akanigeukia.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa redio. Hebu niambie, sisi tuliacha silaha gani?"

"Hatukuacha kitu, baba. Hatukuwahi kuwa nazo."

"Basi tulitia saini ya nini? Mtu asiye na ng'ombe anaapaje kwamba hatalisha katika shamba la mwenzake?"

Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Nilirudi kazini na swali hilo, na maelezo ya wiki hii ni jaribio langu la kulijibu. Swali lenyewe ni la maana kuliko linavyoonekana. Sisi watu wa Mbinga na mwambao wa Nyasa tukisikia neno "ulinzi wa taifa" tunafikiria bunduki, mgambo, na mpaka wa ziwani ambao sisi na ndugu zetu wa Malawi hatujakubaliana unapita wapi. Karatasi iliyotiwa saini Ulaya hatuihesabu kuwa ulinzi.

Tuanze na vita tunavyovijua. Misheni ya Kigonsera ilifunguliwa na Wabenediktini mwaka 1899. Miaka sita baadaye Vita vya Maji Maji vilifika Ungoni, misheni ya Peramiho ikachomwa moto, na mwezi Februari 1906 wakuu wa Wangoni wakanyongwa pale Songea. Lakini wengi wa waliokufa katika vita vile hawakufa kwa risasi wala kwa kamba. Walikufa kwa njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma vijiji, wakachoma maghala, wakaharibu mashamba. Naomba msomaji aliweke jambo hilo akilini, maana litarudi.

Mwaka 1914, mwezi Agosti, meli ya Waingereza ilivuka Ziwa Nyasa na kuishambulia meli ya Wajerumani ikiwa imepandishwa ufukweni kwa matengenezo pale Liuli. Vita Kuu ya kwanza ilikuwa imetufikia mapema kuliko ilivyofika kwa wengi. Mwaka uliofuata, tarehe 22 Aprili 1915, jeshi la Ujerumani lilifungulia mitungi ya gesi ya klorini karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, na upepo ukaipeleka katika mahandaki ya adui. Wajerumani haohao walikuwa wakipigana hapa kwetu hadi Novemba 1918, lakini gesi ile haikuletwa huku. Tulinusurika bila kujua kwamba tumenusurika.

Wenzetu wa Ethiopia hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1925 mataifa yalitia saini Itifaki ya Geneva, iliyokataza kutumia gesi za sumu vitani. Italia iliiridhia mwaka 1928. Ethiopia ilijiunga nayo mwaka 1935. Mwaka huohuo majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia, na kuanzia mwezi Desemba ndege zake zikamwaga gesi ya haradali, ile inayochoma ngozi, macho na mapafu, juu ya askari na raia. Tarehe 30 Juni 1936 Mfalme Haile Selassie alisimama mbele ya Shirikisho la Mataifa kule Geneva, akaeleza jinsi sumu ilivyonyunyiziwa watu wake kama mvua. Alisikilizwa. Hakusaidiwa.

Kasoro ya Itifaki ile ilikuwa hii. Ilikataza kutumia, haikukataza kutengeneza wala kuweka akiba. Mataifa mengi makubwa yalitia saini huku yakiandika pembeni kwamba yakishambuliwa kwa sumu, nayo yatajibu kwa sumu. Kwa hiyo kilichomlinda mwenye kulindwa hakikuwa karatasi. Ilikuwa ni hofu ya kulipiziwa. Ethiopia haikuwa na cha kulipizia, na hapakuwa na mkaguzi yeyote wa kwenda kuangalia nini kimemwagwa, nani kamwaga, na kuandika taarifa yenye nguvu ya kisheria. Nchi maskini ilikuwa na haki yake mkononi na haikuwa na mahali pa kuipeleka.

Sasa turudi kwetu, kusini. Mwaka 1964, siku ya kwanza ya Septemba, liliundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na tarehe 25 ya mwezi huohuo Frelimo walianza vita vya ukombozi ng'ambo ya Ruvuma. Tangu siku hiyo siasa ya ulinzi ya nchi yetu ilikuwa ya namna ya pekee. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa Dar es Salaam, wapigania uhuru walikuwa na makambi Nachingwea, Kongwa na Mgagao, na wakimbizi wa Msumbiji walikuwa wamepewa ardhi Muhukuru, na hata Lundo, kandokando ya ziwa, karibu na Mbamba Bay. Serikali ilikuwa imeamua kwamba ulinzi wa Tanzania unaanzia nje ya mipaka yake. Uamuzi huo ulikuwa na gharama, na wanaokaa mpakani ndio walioilipa kwanza.

Mwaka 1972 Frelimo waliitangazia dunia kwamba ndege zilikuwa zikimwagia mashamba ya Cabo Delgado dawa ya kuua mimea. Si sumu ya kuua mtu papo hapo. Ni dawa ya magugu, ileile ambayo mkulima mkubwa hununua dukani, ila safari hii gugu lilikuwa ni muhogo wa mwanakijiji aliyewalisha wapiganaji. Hapo ndipo nilipokumbuka 1906. Mzee wangu wa Kigonsera aliniambia kwa maneno machache, "Mjerumani alitumia kiberiti, Mreno akatumia ndege."

Rhodesia ilikwenda mbali zaidi. Katika nusu ya pili ya miaka ya sabini, idara ya usalama ya serikali ya Ian Smith iliandaa nguo zilizolowekwa dawa ya wadudu iitwayo parathayoni, zikapenyezwa kwa vijana waliokuwa wakienda kujiunga na wapiganaji wa Zimbabwe. Kijana alivaa suruali mpya, akatembea porini akitoka jasho, na sumu ikaingia mwilini kupitia ngozi. Baada ya siku chache alianza kutetemeka, kutokwa na mate na kubanwa pumzi, na wenzake wakadhani ni malaria au ni uchawi. Haya hayakusemwa na wapinzani peke yao. Ken Flower, aliyekuwa mkuu wa idara hiyo ya usalama, alikiri mambo hayo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1987. Vijana wa aina hiyohiyo walifundishwa vita hapa nchini, Mgagao na Nachingwea.

Hapa inanibidi nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili linawagusa wakulima wa kahawa. Nilikulia katika shamba la kahawa. Baba alikuwa na bomba la mgongoni, na mrututu uliokuwa ukipulizwa kuzuia chulebuni uliacha rangi ya bluu kwenye majani, kwenye shati lake na mpaka kwenye kucha. Mrututu hauna uhusiano na habari hii. Lakini katika ghala letu palikuwa na makopo mengine, ya dawa za wadudu, na baadhi ya dawa hizo zilikuwa za ukoo mmoja na ile parathayoni. Ukoo huo ndio uliozaa gesi za kuua mishipa ya fahamu. Mwaka 1936, mwaka uleule Haile Selassie aliposimama Geneva, mkemia wa Kijerumani Gerhard Schrader alikuwa akitafuta dawa mpya ya kuua wadudu wa mashambani. Akaipata iitwayo tabun. Ilikuwa kali mno kwa shamba, na jeshi likaichukua. Sarin ikafuata miaka miwili baadaye.

Kwa hiyo silaha ya kemikali si kama kifaru au mzinga, ambao ukiuona barabarani unajua ni kitu cha jeshi. Inazaliwa katika kiwanda kilekile cha dawa za mimea, dawa za binadamu, rangi na wino. Huo ndio ugumu wa kuipiga marufuku. Huwezi kupiga marufuku klorini, maana ndiyo inayosafisha maji ya bomba.

Afrika Kusini ya makaburu nayo ilianza mwaka 1981 mradi wa siri wa silaha za kemikali na za vijidudu, uliopewa jina la Project Coast na kuongozwa na daktari wa jeshi, Wouter Basson. Mwaka 1989 Mchungaji Frank Chikane, katibu mkuu wa Baraza la Makanisa la Afrika Kusini, nusura afe kwa sumu iliyotiwa katika nguo zake. Nguo tena. Halafu, Januari 1992, askari wa serikali ya Msumbiji waliokuwa wakishambulia kambi ya Renamo pale Ngungwe, karibu na mpaka wa Afrika Kusini, walisema kitu kililipuka juu yao kikatoa moshi mweusi. Wengine walichanganyikiwa, wengine walikufa. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alituma wataalamu, lakini walifika mwezi Machi. Taarifa yao ilisema dalili zinalingana na sumu ya aina fulani, na zinalingana pia na athari za joto kali, na kwamba kwa kuwa muda umepita na vipimo havikupatikana, haiwezekani kusema kwa hakika. Mpaka leo hatujui. Ushahidi wa sumu hauoshwi na mtu. Unaoshwa na mvua na jua.

Ukielewa Ngungwe utaelewa kwa nini mkataba uliofunguliwa kwa saini Paris mwezi Januari 1993 ulikuwa kitu kipya. Haukukataza kutumia tu. Ulikataza kubuni, kutengeneza, kuweka akiba na kuhamisha, ukawataka wenye akiba waziteketeze zote, na ukaunda chombo cha kudumu, Shirika la Kuzuia Silaha za Kemikali, lenye makao yake The Hague, Uholanzi, na wakaguzi wenye haki ya kuingia viwandani. Nchi mwanachama ikitilia shaka nyingine, inaweza kudai ukaguzi wa ghafla. Nchi ikishambuliwa au ikitishwa, kifungu cha kumi kinaipa haki ya kudai msaada wa kujikinga, na utangulizi wa mkataba unatambua kwamba ni marufuku kutumia dawa za kuua mimea kama njia ya vita. Laiti utangulizi huo ungekuwepo mwaka 1972!

Tanzania ilitia saini tarehe 25 Februari 1994. Mkataba ulianza kufanya kazi duniani tarehe 29 Aprili 1997, na sisi tukakabidhi hati ya kuridhia tarehe 25 Juni 1998. Rais wa wakati huo alikuwa Benjamin Mkapa, ambaye ujana wake aliwahi kusoma seminari hapa hapa Kigonsera. Mwezi huohuo wa Juni, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini ilikuwa ikisikiliza habari za Project Coast hadharani. Sidhani kuna aliyeyapanga mambo hayo mawili yakutane.

Wiki sita baadaye ndipo jibu la swali la mzee lilipojitokeza.

Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, Dar es Salaam walikufa 11. Tarehe 20 Agosti, Marekani ikilipiza kisasi, ilirusha makombora Afghanistan na Khartoum. Kule Khartoum ilikilenga kiwanda cha Al-Shifa, ikisema kilikuwa kikitengeneza kemikali ya kuundia gesi ya VX. Kiwanda kile kilikuwa kikitengeneza dawa za binadamu na za mifugo. Ushahidi uliotolewa ulikuwa udongo uliochotwa kwa siri karibu na kiwanda. Sudan iliomba Baraza la Usalama litume wachunguzi waje wafukue na kupima. Hawakutumwa. Madai yale hayajawahi kuthibitishwa na chombo chochote huru.

Sasa tazama, ndugu msomaji. Siku ile Sudan haikuwa mwanachama wa mkataba. Haikuwa imetoa orodha ya kemikali zake, wala haikuwa na haki ya kuita wakaguzi wa The Hague. Ilijiunga Mei 1999, miezi tisa baada ya kiwanda kugeuka kifusi. Sisemi kwamba uanachama ungeyazuia makombora, maana mwenye hasira na nguvu hasubiri karani. Lakini nchi ambayo vitabu vyake vimeshakaguliwa ni vigumu kuisingizia, na mwenye kuisingizia ataulizwa kwa nini hakudai ukaguzi. Tanzania, ambayo damu yake ilimwagika siku ya tarehe 7, ilikuwa na kinga hiyo. Sudan haikuwa nayo.

Ndiyo maana nasema kwamba kwa nchi kama yetu mkataba huu haukuwa kuacha silaha. Ulikuwa ni kupata kinga mbili ambazo jeshi letu, pamoja na ushujaa wake, lisingeweza kutupatia: mahali pa kushitaki tukimwagiwa sumu, na hati ya kujitetea tukisingiziwa. Ethiopia ilikosa ya kwanza, Sudan ikakosa ya pili.

Lakini kinga hiyo haikai kambini. Wanaoishika ni watu wasiovaa sare. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayosimamia mkataba huu hapa nchini, na kazi yake ni kujua ni kemikali gani imeingia, kwa jina la nani, kiasi gani, na imekwenda wapi. Sheria ya kuipa meno, Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, ilipitishwa mwaka 2003. Yaani miaka mitano tulikuwa tumeapa mbele ya dunia bila sheria mahususi ya kutekeleza kiapo chetu. Kwa upande wa viuatilifu, mamlaka ya afya ya mimea ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Afisa forodha anayesoma lebo ya pipa bandarini, karani anayeandika leja ya ghala, mwenye duka la pembejeo anayekataa kupakia dawa katika chupa ya soda, hao nao ni walinzi wa taifa, ingawa hakuna anayewapigia saluti. Huku kwetu barabara ya lami sasa inatoka Songea inapita Mbinga hadi Mbamba Bay, na malori yameongezeka. Pipa likianguka kwenye kona za Umatengo, atakayefika kwanza si mtaalamu kutoka Dar es Salaam, aliye zaidi ya kilomita 900. Ni watoto waliokuwa wakichunga mbuzi.

Kuna kichekesho kimoja katika mkataba ambacho nisipokitaja nitakuwa sijasema kweli yote. Mabomu ya machozi ni marufuku kuyatumia kama njia ya vita dhidi ya askari wa adui. Kuyatumia kutuliza ghasia, dhidi ya raia wako mwenyewe, inaruhusiwa. Waliouandika walikuwa na sababu zao, za kuogopa kwamba moshi mmoja vitani utaita moshi mwingine mkali zaidi. Hata hivyo mwananchi aliyewahi kukimbia akisugua macho ana haki ya kuuliza.

Wala mkataba si ukuta. Syria ilijiunga mwaka 2013, na mwaka 2017 wachunguzi wa kimataifa walithibitisha kwamba jeshi la serikali yake lilitumia sarin pale Khan Shaykhun. Tofauti na Ngungwe ni kwamba safari hii sampuli zilipatikana, zikapimwa, na jina la mhusika likaandikwa. Mwaka 2025 Marekani iliishutumu Sudan, sasa ikiwa mwanachama kamili, kwamba ilitumia kemikali vitani mwaka 2024, na Sudan ikakanusha. Safari hii nchi zote mbili zilikuwa wanachama, na The Hague palikuwa na meza ya kulipeleka shauri.

Niliporudi Kigonsera nilimweleza mzee haya yote, kwa muda mrefu kuliko nilivyoyaandika hapa. Alisikiliza akiwa anachambua buni kwenye chekeche. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu: kama wakaguzi hao wakija Mbinga, watalitazama na bomba lake la kupulizia dawa?

Nikamwambia hapana, baba, wao wanahesabu tani na viwanda. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akainuka, akaingia stoo, akatoka na kopo la bati lisilo na lebo, akaniuliza kama najua ndani yake mna nini, maana yeye ameshasahau.